Chemsha bongo: nani hasa anayepimwa?

Ndege gani mkubwa kuliko wote duniani? Mtoto wa darasa la nne atakujibu hata kabla hujalimaliza swali lenyewe kwamba ni mbuni, naye atakuwa amesema kweli. Sasa libadilishe swali hilo kidogo tu, umwulize: ndege gani kubwa kuliko zote duniani? Mbuni ameshatoweka. Anayetakiwa kujibu hana budi kuyatoa mawazo yake mbugani na kuyapeleka kwenye viwanja vya ndege. Nomino ni ile ile. Kilichobadilika ni upatanisho wa kisarufi tu, "mkubwa" ikawa "kubwa" na "wote" ikawa "zote". Na jibu la swali hili la pili nalo lina kisa chake. Kwa zaidi ya miaka 30 aliyetaka kupata alama alitaja Antonov An-225, ndege ya mizigo yenye injini 6 iliyoundwa Ukraini katika zama za Muungano wa Kisovieti. Ilikuwa moja tu ulimwenguni kote, na mwaka 2022 iliharibiwa vitani katika uwanja wa Hostomel, karibu na jiji la Kyiv. Vitabu vya maswali vilivyochapishwa kabla ya hapo havina habari hiyo, na mwamuzi anayevitegemea ataendelea kutoa alama kwa ndege isiyokuwapo.

Katika maswali hayo mawili mafupi yamo mambo ninayokusudia kuyajadili: lugha ambamo swali hutungwa, na umri wa jibu lake. Mashindano ya kupimana maarifa ya jumla yameenea mno katika shule zetu. Vilabu vya wanafunzi huyaandaa, walimu huyatumia Ijumaa alasiri kuliamsha darasa lililochoka, stesheni za redio huwaalika wasikilizaji wapige simu na kujibu, na vijana huyacheza kwenye simu zao wakiwa matatuni. Mimi ni mpenzi wa mashindano hayo na sina nia ya kuyabeza. Ila naona kwamba tumezoea kumkodolea macho anayejibu peke yake. Akikosa, twasema hajui, hasomi magazeti, kizazi hiki kimeharibika. Ni nadra sana mtu kugeuka akamtazama aliyeuliza.

Wapo wanaodhani kwamba desturi ya kuulizana kwa mashindano ililetwa kwetu na redio na televisheni. La hasha. Kabla ya mitambo hiyo kufika, watoto wa pwani na wa bara walikuwa wakikaa jioni kutegeana vitendawili. Mtegaji hutangaza, "Kitendawili!" Hadhira huitikia, "Tega!" Naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Kila aliyepo amewahi kuona yai, hakuna anayeshindwa kwa sababu hajui yai ni kitu gani. Anayeshindwa ni yule ambaye hajawahi kulitazama yai akaona nyumba. Waama, kitendawili hakipimi akiba ya mambo aliyonayo mtu kichwani; kinapima uwezo wake wa kuoanisha vitu viwili anavyovijua tayari.

Na tazama jinsi anayeshindwa anavyotendewa. Mtegaji hudai, "Nipeni mji," nao humpa. Akiuona mji huo mdogo aghalabu huukataa, akataka Mombasa au Nairobi. Akiridhika husimulia alivyokwenda huko na alivyokirimiwa, ndipo akatoa jibu. Hadhira imelipa mji ambao si wake, na badala yake imepata jibu litakaloiwezesha kuwatega wengine kesho. Hakuna anayeondoka pale akiwa ameitwa mbumbumbu. Fauka ya hayo, jibu lenyewe huweza kupingwa. Ukitega, "Popote niendapo ananifuata," jibu linalotarajiwa ni kivuli. Mtoto akisema ni jina lake, watu watacheka, wengine watabisha, na huenda mzee mmoja akamwunga mkono. Swali katika mchezo huu ni mali ya wote waliokaa pale.

Chemsha bongo ya kisasa ilizaliwa katika mazingira mengine kabisa. Mwaka 1951, huko Wexford nchini Ayalandi, Sir Hugh Beaver, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya bia ya Guinness, alibishana na wawindaji wenzake juu ya ndege yupi wa kuwindwa aliye na mbio kuliko wote barani Ulaya. Hawakupata kitabu cha kuwaamua. Ndipo akafikiri kwamba ubishi wa namna hiyo bila shaka huzuka kila usiku katika mabaa, na mwaka 1955 kikatoka kile kitabu maarufu cha rekodi za dunia. Kipindi cha "Mastermind", ambacho shirika la BBC lilianza kukionyesha mwaka 1972, chanzo chake ni cha kutisha zaidi. Mtayarishaji wake, Bill Wright, alikuwa mwanajeshi wa anga aliyeshikwa na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia na kuhojiwa na polisi wao wa siri. Kiti kimoja katikati ya giza, taa inayommulika mshindani, maswali yanayofuatana pasipo kumpa nafasi ya kuvuta pumzi: yote hayo aliyatoa katika chumba cha mahojiano. Hata yale matatu ambayo mateka hutakiwa kuyasema, yaani jina, cheo na nambari, yaligeuzwa yakawa jina, kazi na somo ambalo mshindani amebobea.

Sisemi kwamba kila mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kadi za maswali ni mhoji wa vita. Hata hivyo, umbo tulilolirithi ndilo hilo. Mwenye jibu ni mmoja, amelificha kwenye karatasi, na ukweli ni ule unaolingana na karatasi hiyo.

Nitatoa mfano niliouona mwenyewe. Nilialikwa na shule moja ya upili kuhudhuria mashindano kati yake na jirani yake. Nilikuwa mgeni tu, si mwamuzi. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliulizwa: "Mkono wa binadamu una mifupa mingapi?" Aliunyosha mkono wake wa kushoto, akaugusagusa kwa kidole cha mkono wa kulia kuanzia karibu na bega hadi ncha za vidole, midomo ikichezacheza, kisha akajibu, "Thelathini." Mwamuzi alitazama kadi yake akatangaza kwamba amekosa, jibu sahihi ni 27. Swali likapelekwa upande wa pili, mvulana aliyekuwa amelikariri akasema 27, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na shule yake ikashinda kwa tofauti ya alama hizo.

Ni dhahiri kwamba swali lile lilitafsiriwa kutoka kitabu cha Kiingereza. Kiingereza kina neno moja la sehemu inayoanzia begani na neno jingine la sehemu inayoanzia kwenye kifundo hadi vidoleni, na hiyo ya pili ndiyo yenye mifupa 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Kiswahili husema mkono kwa yote. Ukianzia begani huna budi kuongeza mfupa mmoja wa juu ya kiwiko na miwili iliyo kati ya kiwiko na kifundo, na jumla yake ni 30 barabara. Msichana yule alilijibu swali la Kiswahili aliloulizwa katika Kiswahili. Mwamuzi alikuwa na jibu la swali jingine ambalo hakuna mtu aliyeliuliza ukumbini mle. Na mvulana aliyepongezwa, nathubutu kusema, hakuwa amehesabu hata mfupa mmoja.

Jambo hili si la mkono pekee. Mguu una tatizo hilo hilo. Buibui naye ana lake: watoto wetu hufundishwa kwamba buibui si mdudu kwa kuwa ana miguu 8, ilhali wadudu wana miguu 6. Katika sayansi hilo ni kweli kwa neno ambalo wanasayansi wamelipa mipaka hiyo. Katika Kiswahili cha siku zote, hata hivyo, mdudu ni kila kijinyama kitambaacho au kirukacho, awe na miguu 6, 8 au 100, na wapo wanaowaita wadudu hata viini vya maradhi. Nyangumi si samaki kwa mwalimu wa biolojia. Kwa mvuvi wa Lamu neno samaki halikuwahi kungoja ruhusa ya biolojia. Mwanafunzi anayesema kwamba buibui ni mdudu hajakosa Kiswahili. Anachokosa ni mpaka wa kitaalamu wa neno hilo, na ni wajibu wa muulizaji kusema anauliza kwa mpaka upi.

Hata mahakama zimewahi kulikubali hilo. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Nix dhidi ya Hedden, iliyohusu nyanya. Sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza kodi kwa mboga zilizoagizwa kutoka nje bali si kwa matunda, na wafanyabiashara wakadai kwamba nyanya ni tunda, hivyo warudishiwe pesa zao. Majaji walikubali kwamba kwa wataalamu wa mimea nyanya ni tunda. Ila, wakasema, watu huila pamoja na chakula kikuu na hawaili baada ya chakula kama kitamutamu, na sheria huandikwa kwa lugha ya watu. Basi ni mboga. Najiuliza majaji hao wangefanya nini lau wangekaa jikoni kwetu, ambako mboga ni sukuma wiki, mchicha au kunde, na nyanya pamoja na kitunguu ni vya kuungia mboga hiyo. Swali "nyanya ni tunda au mboga?" likiulizwa mbele ya mama wa Kenya, yumkini atalikataa lote.

Lipo kosa jingine la lugha ambalo ni zito zaidi kwa sababu halionekani. Ukimwuliza mtu, "Uliacha lini kuiba maembe ya jirani?" akikujibu kwa tarehe yoyote ile amekwisha kiri wizi. Wanaisimu huliita jambo lililofichwa namna hiyo dhana tangulizi: halikusemwa, lakini swali haliwezi kujibiwa bila ya kulikubali. Sasa chukua swali ambalo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya vimelijibu: "Nani aligundua Mlima Kenya?" Jibu la kwenye kadi ni Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa na makao yake Rabai, ambaye aliuona mlima huo kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Lakini Krapf hakufika Kitui kwa kubahatisha. Alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri na kiongozi wa Wakamba, na hata jina la mlima huo, ambalo hatimaye likawa la nchi yetu, alilipata kwa wenyeji wake Wakamba. Mtoto wa Meru au wa Nyeri ambaye mababu zake walilima miteremko ya mlima huo karne nyingi analazimika, ili apate alama moja, akubali kwamba haukuwa umejulikana.

Vivyo hivyo kwa Ziwa Viktoria, ambalo Speke alilifikia upande wa Mwanza mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake, ilhali Wajaluo walikuwa wakiliita Nam Lolwe na Waganda Nalubaale. Vivyo hivyo kwa kilele cha Kilimanjaro, ambacho Hans Meyer na Ludwig Purtscheller hutajwa kuwa wa kwanza kukifikia, mwaka 1889; katika kadi nyingi humwoni Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu anayetambuliwa kuwa mwelekezi wa safari hiyo. Sidai kwamba wanafunzi wasiulizwe habari za Krapf. Nadai waulizwe hivi: Mzungu yupi wa kwanza aliyeandika kwamba ameuona Mlima Kenya, na ni nani aliyekuwa mwenyeji wake? Swali limekuwa refu kidogo, kweli, lakini sasa halimlazimishi mtu kuapa kwa jambo asiloliamini. Isitoshe, mwanafunzi atalazimika kumjua Kivoi.

Nilitaja umri wa majibu. Majibu huzeeka kama magari, na mengine husimama njiani. Aliyesoma shule ya msingi zamani alikariri kwamba sayari ni 9. Mwezi Agosti 2006 wanaanga waliokutana Prague waliitoa Pluto katika orodha hiyo, zikabaki 8. Aliyekariri kwamba mji mkuu wa Nigeria ni Lagos alikuwa sahihi hadi mwaka 1991, mji mkuu ulipohamishiwa Abuja. Burundi ilihamia Gitega mwaka 2019. Tanzania ilipitisha uamuzi wa kuhamia Dodoma mwaka 1973, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ikapitishwa mwaka 2018. Kwa muda wa miaka 45 hiyo mwalimu yeyote wa jiografia aliweza kubishana na mwingine juu ya Dodoma na Dar es Salaam, na wote wawili wakawa na hoja. Hapa kwetu mikoa 8 imetupisha, tuna kaunti 47. Na lipo swali lililo karibu na moyo wangu: lugha rasmi ya Kenya ni ipi? Wengi, tena wenye shahada, bado hujibu Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Anayetoa jibu la zamani anajibu kwa katiba iliyokwisha zikwa.

Mengine hayazeeki bali hutegemea anayehesabu. Afrika ina nchi ngapi? Ukihesabu wanachama wa Umoja wa Mataifa utapata 54. Ukihesabu wanachama wa Umoja wa Afrika utapata 55, maadamu umoja huo unaitambua Sahara Magharibi. Tofauti hiyo ya 1 imewahi kuzifanya serikali zikose kuzungumza, na sisi tunataka mtoto wa miaka 13 aitatue kwa sekunde 10.

Mtihani ulitufundisha kuliona hilo kama jambo la kawaida. Tangu mwaka 1985 hadi mwaka 2023 watoto wetu walifanya mtihani wa KCPE, na karatasi zake zilijaa maswali ya kuchagua A, B, C au D. Sitaki kuwalaumu waliozitunga. Kutunga majibu matatu ya uongo yanayofanana na ukweli ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani, na kusahihisha insha za mamia ya maelfu ya watoto kwa haki si jambo la mchezo. Lakini fikiria: katika karatasi ya maswali 50, mtoto asiyejua chochote, akichagua kwa kufumba macho, atapata kwa wastani maswali 12 au 13. Ndiyo maana vijana walikuwa na falsafa yao, kwamba ukikwama piga C. Mazoea hayo hayaondoki siku moja kwa sababu mtaala umebadilishwa jina. Ukikaa nyuma ya darasa wakati wa chemsha bongo utawasikia wakinong'onezana, si juu ya jambo lililoulizwa, bali juu ya mwalimu: anataka tuseme nini?

Baadhi ya walimu wenzangu wameyatazama haya yote wakafikia uamuzi kwamba kukariri mambo ni upuuzi, eti mtoto afundishwe kufikiri tu, mengine yamo kwenye simu. Hapo siafikiani nao hata kidogo. Mtu hafikiri hewani. Mwanafunzi asiyejua kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907, na kwamba vilikuwa dhidi ya Wajerumani, akikutana na neno hilo gazetini litampita kama maji juu ya mgongo wa bata, wala hatajua kwamba kuna kitu cha kutafuta kwenye simu. Ili uulize sharti uwe na kianzio. Mwaka 1987 profesa wa Marekani aitwaye E. D. Hirsch alichapisha kitabu kilichodai kwamba kusoma ni zaidi ya kuzitambua herufi; msomaji huhitaji akiba kubwa ya mambo ambayo mwandishi huyachukulia kuwa yanajulikana. Nyuma ya kitabu aliweka orodha ya mambo yapatayo 5,000. Orodha hiyo ilizua zogo kubwa, nalo lilistahili kuzuka, kwa maana mara moja watu waliuliza ni mambo ya nani yaliyoingizwa na ya nani yaliyoachwa. Hoja yake ya kwanza, hata hivyo, sijaona aliyeipangua.

Kuhusu simu na mashine, ipo hadithi ya kweli ambayo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Mwezi Februari 2011 kompyuta ya kampuni ya IBM iliyopewa jina la Watson ilishindana na mabingwa wawili wakuu wa mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao "Jeopardy!". Mmoja wao, Ken Jennings, alikuwa amewahi kushinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004. Kompyuta iliwashinda wote wawili, na kwa mbali: ilimaliza na dola 77,147, Jennings 24,000 na mwenzake Brad Rutter 21,600. Lakini siku ya pili, chini ya mada ya miji ya Marekani, iliulizwa ni mji gani ambao uwanja wake mkubwa wa ndege umepewa jina la shujaa wa Vita vya Pili vya Dunia, na wa pili jina la pigano la vita hivyo. Jibu ni Chicago. Wanadamu wote wawili walilipata. Watson ikajibu Toronto, mji ulioko Kanada. Mashine iliyokuwa imemeza mamilioni ya kurasa haikutilia uzito wa kutosha maneno yaliyoandikwa juu ya swali lenyewe. Mashine za sasa zimeipita Watson kwa mbali sana, na bado hutoa majibu ya uongo kwa sauti ile ile tulivu zinayotumia kutolea ya kweli. Mwanafunzi atakayezigundua pale zinapokosea ni yule aliye na kianzio kichwani na ambaye amezoea kulichunguza swali.

Ndipo ninaporudi kwa muulizaji. Katika madarasa yangu ya isimu nimeacha kuwauliza wanafunzi maswali ya maarifa ya jumla. Wao ndio wanaoyatunga. Kila mmoja huleta maswali 5. Chini ya kila swali huandika jibu, alipolipata, na jibu hilo ni la mwaka gani. Kabla ya kuwauliza wenzake humkabidhi jirani yake amtafutie tundu. Je, neno lolote humu lina maana mbili? Je, lipo jambo ambalo swali limelificha? Je, jibu lingekuwa lile lile kama swali lingeulizwa Kigali, au Muscat, au miaka 20 iliyopita? Maswali mengi hufa katika hatua hiyo, na vifo hivyo ndivyo vinavyofundisha. Kijana aliyeleta swali la mto mrefu kuliko yote duniani, akiwa na uhakika wa Naili, alirudi baada ya juma moja na kurasa 6 juu ya jinsi watu wanavyobishana kuhusu mahali mto Amazon unapoanzia na jinsi chanzo cha mto kinavyochaguliwa. Swali lake hatukulitumia. Sidhani kama atalisahau.

Shule za msingi na za upili zaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Mwamuzi apewe mamlaka ya kulitoa swali bovu, na anayejibu apewe nusu dakika ya kulitetea jibu lake. Msichana yule wa mifupa 30 angehitaji sekunde 15 tu.

Swali ambalo limenishinda kulifuta, na ambalo huliweka la mwisho kila muhula, ni hili: Kenya ina lugha ngapi? Daima mikono huinuka kwa haraka. Arobaini na mbili, husema wa kwanza. Mwingine humsahihisha kwamba hayo ni makabila, tena Wamakonde walitambuliwa rasmi mwaka 2017 kuwa kabila la 43, na Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44 mwaka huo huo. Wa tatu huuliza kama kabila na lugha ni kitu kimoja, akitoa mfano wa Wasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo. Kisha Mbukusu na Mlogooli waliokaa dawati moja huulizwa kama wanazungumza lugha moja ya Kiluhya au mbili, nao hutazamana, mmoja akasema moja, mwenzake akasema mbili.